Namba Niliyoifuta kwa Tupa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sauti yake kuliko kwa sura yake. Ni sauti ya tupa ikila chuma, asubuhi nzima, uani kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nami nimelala chali chini ya lori la zamani la jeshi, nikijiona mtoto mwema kuliko wote waliowahi kuzaliwa Uvira kule Kongo. Nilikuwa kijana bado, mvi hizi hazijajua njia ya kichwa changu. Kazi ile niliifanya kwa mapenzi, na ndiyo iliyotaka kutuangamiza. Nitakusimulia polepole kabla hujaingia barabarani. Mimi si mtu wa kuharakishwa, na wewe nakujua, ukiharakishiwa jambo husikii hata nusu.

Lori lenyewe lilikuwa la Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe, wa kijiji cha Nathenje, mkulima na mfanyabiashara wa mahindi, mtu mnene wa maneno machache. Alinizidi miaka ishirini lakini aliniita achimwene, yaani ndugu. Alilinunua mnadani, jeshi lilipokuwa likiuza magari yake yaliyochoka, akalikokota kwa trekta hadi kwangu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza ufundi katika gereji moja kule Uvira kabla vita havijatutoa. Tulipatana hivi: mimi nilifufue, yeye aliandikishe serikalini lipate namba na cheti cha kutembea barabarani, kisha niwe dereva wake. Siku za soko lingebeba mahindi yake, na nafasi ikibaki lingebeba nguo na vitambaa vya mama zetu wa kambini. Kwa kijana mkimbizi aliyekuwa akiziba matairi ya kabaza, baiskeli za kubebea abiria, hayo yalikuwa maisha mapya.

Nyumbani niliishi na mama yangu, mshonaji. Watu wote walimwita Mama Sadiki, kwa jina la kaka yangu mkubwa, ingawa Sadiki hakuwepo. Askari walimchukua kule Uvira, wakampakia kwenye lori pamoja na vijana wengine, na hatukumwona tena. Siku hiyo mimi nilikuwa gereji, upande wa pili wa mji, na yote niliyoyajua nilisimuliwa na majirani. Mama sikumuuliza hata mara moja. Nilijiambia kwamba kunyamaza ndiko kumtunza. Naye akanyamaza, tukaishi hivyo miaka, tukipishana na jina la Sadiki ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Basi trekta lilipoingia uani, mama alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule. Lori lilikuwa na ule ukijani wa jeshi, limeandikwa herufi na namba nyeupe mlangoni na kwenye bampa. Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Akainuka, akalizunguka lori hadi nyuma, akainama akatazama kitu kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Jioni hakula.

Ningeuliza, mwanangu. Ni swali dogo sana: Mama, una nini? Lakini mimi nilikuwa najua tayari. Nilijua kwamba maandishi ya askari ndiyo yanayomtisha, na nikaamua kuyamaliza.

Kesho yake nikaanza. Kwa petroli na msasa nikatoa herufi za mlangoni na za bampa. Karibu na mlango wa dereva palikuwa na kibati kilichojaa namba. Nikakibandua, nikawapa jamaa wa sokoni wanaoyeyusha mabati na kuyafanya sufuria. Kisha nikaingia chini ya lori, na kwenye chasi, kile chuma kirefu kinachobeba gari zima, nikaona namba nyingine. Hiyo haikuandikwa kwa rangi, ilikuwa imegongwa ndani ya chuma chenyewe. Nikachukua tupa.

Utaniuliza ni fundi gani huyo asiyejua kazi ya namba ya chasi. Ni huyu hapa anayezungumza nawe. Kule gereji sisi vijana tuliachiwa grisi, makaratasi yalikuwa ya patroni, mwenye gereji. Kwangu mimi namba zote za lori lile zilikuwa za askari, na kila niliyoifuta niliona nimemwondoa askari mmoja uani kwa mama yangu.

Nilipomaliza nikamwita.

“Mama, kuja uone. Haina tena kitu ya basoda.” Basoda kwetu ni askari.

Akaja, akainama, akapitisha vidole pale chuma kilipokuwa kinang'aa. Akanitazama. “Aya,” akasema, akarudi kwenye cherehani. Nikadhani hiyo ni shukrani. Kumbe tangu siku ile alizidi kunyamaza, nami nikawa nasema moyoni, uzee huo.

Ufundi wenyewe ulinichukua miezi. Nilitengeneza breki, nikabadilisha zile taa za kivita zinazomulika kwa kujificha, nikaweka honi, vioo vya pembeni na viakisi vyekundu nyuma. Nikalipaka rangi ya samawati, maana raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi. Injini ilipowaka, watu wa mtaa mzima walipiga makofi, na mchungaji wetu akaliombea. Tukapata kibali cha siku moja cha kulipeleka Lilongwe kukaguliwa. Mimi niliendesha, Bambo Mbewe akakaa kando yangu amevaa koti lake la kanisani, na karatasi ya mnada ameikunja vizuri mfukoni.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alinifanya niwashe taa, nipige honi, nikanyage breki. Kila kitu alikiwekea alama, na mara mbili nilimwona akitabasamu. Kisha akachukua tochi na ile karatasi ya mnada, akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele.

“Nambala ili kuti?” akauliza. Namba iko wapi?

Mkaguzi akamulika tena, akagusa pale palipofutwa. Akaniuliza kwa Kichewa ni nani aliyeitoa. Na mimi, mtoto mwema wa Uvira, nikafungua kinywa nikasema, “Ni kutu, madamu.”

“Kutu haikwaruzi mistari iliyonyooka hivi,” akajibu. Akasimama, akapangusa magoti. Akatueleza kwamba wanaofuta namba ya chasi ni wezi wa magari. Lori litabaki uani kwao, na mwenye gari apewe siku chache arudi na maelezo ya kweli. Asipokuja nayo, jambo litakwenda polisi, na mwenye gari ndiye atakayeulizwa.

Mwenye gari alikuwa Bambo Mbewe. Tulikwenda kwa binti yake mtaa wa Area 18, humo humo Lilongwe, tukaandaliwa nsima, ugali wa huku, na samaki. Alipokwisha kunawa mikono ndipo akaniuliza kwa upole kabisa.

“Achimwene, ilikuwa kutu?”

“Kutu, bambo.”

Alinitazama kidogo, kisha akaanza kula. Nsima ile ilinikwama kooni. Mtu aliyeweka mavuno yake yote kwenye lori, aliyeniamini mimi mgeni mbele ya ndugu zake, nilimdanganya akiwa amekaa mbele yangu, na samaki wake bado mkononi mwangu. Ukitaka kujua aibu ni nini, ni hiyo.

Na sikuishia hapo. Nilipotoka kwa binti yake nilipanda kabaza hadi mtaa wa Mtandire, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna jamaa pale mwenye zana za kugongea namba kwenye chuma. Nilimkuta kwenye kibanda chake, mcheshi sana, akanionyesha zile zana zimepangwa kwenye kisanduku, sifuri hadi tisa. Akasema ni kazi ya robo saa. Ana mtu wake wa kumwingiza hadi lilipo lori, mimi nimletee tu namba sahihi imeandikwa vizuri. Nami namba nilikuwa nayo nyumbani, kwenye nakala ya karatasi ya mnada ambayo Bambo Mbewe aliniachia. Nikarudi Dzaleka nimefarijika. Angalia jinsi mtu anavyozama, mwanangu, kila hatua anaona anajiokoa.

Asubuhi nilikaa mezani na nakala ile, nikaanza kuihamisha namba kwenye kipande cha karatasi. Mama alikuwa anapiga pasi sare karibu na dirisha.

“Jeremi, hiyo namba unaandika ni ya nini?”

Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilikuwa nimechoka. Nikamweleza yote: tupa, mkaguzi, kutu, Bambo Mbewe, mtu wa Mtandire. Nikamalizia kwa kujitetea, nikasema nilifanya vile kwa ajili yake, asione tena alama za askari.

Akaweka pasi kando. Sikuwahi kumwona na uso ule.

“Nani alikuambia mi naogopa namba?”

Nikaiweka kalamu mezani.

“Uliniuliza? Siku gani uliniuliza, Jeremi? Ile kamyo yenye ilimubeba Sadiki haikukuwa na namba. Balikuwa baliipaka matope, mbele na nyuma. Nilikimbia nyuma yake mpaka kwa daraja, miguu wazi, natafuta namba tu. Kesho yake nikaenda kwa komanda. Njo ananiuliza, ‘Mama, kamyo namba ngapi?’ Nikakosa jibu. Akaniambia, ‘Basi haiko kamyo yetu.’”

Alishika ukingo wa meza, akaendelea taratibu.

“Siku ile ulileta hii, nilizunguka nyuma nikaona namba yake. Iko wazi, inasomeka. Nikalia kule ndani, ni kweli. Nililia nikasema, kumbe ziko kamyo za basoda zenye mutu anaweza kusoma. Nikasema, hii haijifiche. Sasa we mwanangu mwenyewe ukachukua tupa, ukaifanya ikuwe kama ile.”

Nimefika umri huu, nimekemewa na wakubwa wa kila namna, na mara mbili nimefokewa na maaskofu. Hakuna maneno yaliyonikata kama yale, na hakupandisha sauti hata kidogo. Nililia mbele ya mama yangu, kijana mzima mwenye ndevu. Alinivuta kichwa akakiweka begani kwake. Alikuwa ananuka makaa na kitambaa kipya. Tulikaa hivyo hadi pasi ikapoa.

Kisha akaichukua ile karatasi yangu, akaikunja, akaitia jikoni kwenye moto.

“Vaa viatu,” akasema. “Tutaanza kwa Bambo Mbewe. Kisha twende kwa ule mama wa miwani. Ukweli utausema weye, mi nitakuwa pale.”

Kwa Bambo Mbewe, Nathenje, nilipiga magoti. Nikamwambia haikuwa kutu, ni mimi, na nilimdanganya akiwa ananilisha.

“Nilijua tangu pale Area 18,” akasema. “Kutu haimfanyi mtu ashindwe kula samaki.” Akamgeukia mama, akampigia makofi ya heshima kama wafanyavyo watu wa kule, akaenda kuvaa koti lake la kanisani.

Sasa sikiliza sehemu iliyonipa taabu kuliko zote. Mama hakujua Kichewa zaidi ya zikomo, asante yao, na bei za sokoni. Mbele ya mkaguzi, nilipokwisha kukiri kwamba niliifuta namba mwenyewe na kwamba nilisema uongo, yule mama akauliza swali moja tu: kwa nini? Mama yangu akaanza kujibu kwa Kiswahili chetu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Ilinibidi niyatamke kwa kinywa changu. Nilisema matope. Nilisema daraja. Nilisema miguu wazi. Na nilipofika kwenye jina la Sadiki, ambalo sikuwa nimelitamka miaka yote ile, nililitamka mbele ya mtu wa serikali, nikashindwa kuendelea, na mama akasubiri, akanishika mkono hadi nikaweza.

Mkaguzi alivua miwani. “Pepani, amayi,” akasema. Pole, mama. Kisha akaivaa tena na kurudi kazini, na kwa hilo nampenda hadi leo.

“Huzuni yenu nimeisikia,” akasema, “lakini gari siliandikishi kwa huzuni. Namba ya injini nayo uliifuta?”

Namba ya injini! Mwanangu, sikuwa nimeigusa. Ilikuwa imefunikwa na grisi, mama asingeweza kuiona, kwa hiyo sikujisumbua nayo. Tukatoka hadi kwenye lori, nikafungua boneti, mkaguzi akachukua tambara akasugua mwenyewe. Tarakimu zikajitokeza moja moja. Bambo Mbewe alizisoma kwa sauti, mkaguzi akizifuata kwa kidole kwenye karatasi ya mnada. Zililingana zote. Yule mzee mnene alinikumbatia nikaona nimebanwa na gunia la mahindi.

Haikuisha siku ile. Aliandika barua kwa jeshi wathibitishe gari walilouza, akaandika nyingine kwa polisi, nasi tukasubiri wiki nyingi, tukienda na kurudi, tukiambiwa leo mkubwa hayupo, kesho muhuri haupo. Lakini kila dirisha nililofika nilisema maneno yale yale, na sikuwa na haja ya kukumbuka nilisema nini jana. Mwishowe ruhusa ikatoka, namba ya zamani ikagongwa tena pale pale nilipoifuta, mbele ya mkaguzi, kwa halali. Mama alikuwepo. Alipitisha vidole vyake juu ya tarakimu kama alivyofanya mara ya kwanza, na safari hii hakusema “Aya.” Alisema, “Njo hivi,” yaani sasa ndivyo.

Lori likapewa vibao vyake vya namba, herufi za Lilongwe na tarakimu zake. Namba yenyewe sikutajii, ni ya nyumbani kwetu. Usiku wa kuamkia safari ya kwanza mama aliitarizi kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, akakitundika juu ya cherehani. Na kila nilipotoka, mvua au jua, alisimama uani akaisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kwa Kifaransa cha shule yake ya misheni, kisha akasema, “Nimeishika. Enda.” Wenzangu walinicheka, wakasema Mama Sadiki anahesabu gari kila siku asije akaibiwa. Niliwaacha wacheke. Mimi nilijua kwamba siku nisiporudi, yupo mtu mmoja duniani atakayekwenda dirishani akaulizwa ni gari namba ngapi, na jibu atakuwa nalo.

Miezi michache baadaye nilimpeleka katika ofisi ya pale kambini inayoandika watu waliopotea vitani. Kabla ya hapo kila alipoitaja ofisi ile, bila hata kutaja jina la mtu, nilimwambia, mama, acha, utajiumiza. Alieleza yote, nami nikakaa kando yake. Wakaliandika: Sadiki, umri wake, shati alilovaa, daraja lile. Majibu hayajaja hadi leo, na mama ametangulia, tumemzika hapa hapa Dzaleka. Lakini alikufa akijua kwamba jina la mwanawe linasomeka mahali. Kitambaa cheupe ninacho. Uzi umepauka kidogo, namba bado iko wazi.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Ukimpenda mtu aliyeumia, muulize anaumwa wapi kabla hujaleta tupa yako. Usijitungie maumivu yake ukayatibu uliyoyatunga. Ukikosea, sema mapema, kwa yule uliyemkosea kwanza, tena akiwa bado anakulisha. Na wewe uliyezaliwa safarini kama wengi wenu hapa, najua mnavyoshawishika kufuta mlikotoka, kubadili jina, kukana ukoo, ili dirishani msisumbuliwe. Acha visomeke. Aliyefutwa haulizwi habari zake, na asiyeulizwa amepotea mara mbili. Kama nyumbani kuna jina ambalo watu hupishana nalo kimya, litaje leo hii wakati mama yako bado anasikia.

Nenda, Mungu akutangulie barabarani na kwenye kila dirisha. Breki zako zishike, taa zako zisizimike. Akupe mkubwa mpole wa kukukemea, na chakula kisikukwame kooni kwa sababu ya uongo. Na kila utakapotoka nyumbani, maisha yako yote, asikose mtu wa kusimama uani akakwambia: nimeishika, enda.